Usiivike Mninga: Mwongozo wa Kufufua Mbao ya Bandia ya Mashine ya Michezo

Kwanza kabisa, weka msasa chini. Hata ule laini. Najua umeshavaa barakoa ya vumbi na watoto umeshawafukuza uani, lakini nisikilize. Kuna mashine za michezo ya video zilizoponea panya, mvua, walevi na wenye baa waliofilisika, halafu zikaja kuuawa Jumamosi asubuhi na mtu anayezipenda kwa moyo wote, mwenye msasa namba 80 na siku nzima ya mapumziko.

Mtu huyo tumwite Bwana Msasa. Ana ndugu zake watatu: Bwana Mninga, Bwana Mng'aro na Bwana Haraka. Wote wanne wana nia njema, na ndiyo maana ni hatari. Mwongozo huu utakufundisha kuirudishia mashine ya miaka ya 1970 sura yake ya mbao, na pia kuwafungia mlango mabwana hawa, hasa pale mmoja wao atakapoanza kukunong'oneza kutoka ndani ya kichwa chako.

Jua unachokifufua

Fundi asiyejua kitu kilivyokuwa hawezi kukirudisha kilipotoka, kwa hiyo tuanze na historia fupi. Mwaka 1971 kampuni ya Nutting Associates ya California ilitoa Computer Space, mchezo wa kwanza wa video wa sarafu kutengenezwa kwa ajili ya soko. Kabati lake lilikuwa la fibaglasi, lenye mikunjo na rangi ya kumetameta. Mwaka uliofuata waliouunda mchezo huo, Nolan Bushnell na Ted Dabney, walianzisha Atari, na mhandisi wao Al Alcorn akatengeneza Pong. Mashine ya majaribio iliwekwa kwenye baa ya Andy Capp's, mjini Sunnyvale. Kabati alilijenga Dabney mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na televisheni ya kawaida ya Hitachi, ya rangi nyeusi na nyeupe. Haukupita muda mrefu mashine ikagoma. Alcorn alipoifungua alikuta sarafu zimejaa mpaka zinamwagika.

Pong ilipoingia sokoni, mbele ilikuwa ya njano na ubavuni ilivaa sura ya mbao. Naona uamuzi huo ulikuwa wa akili sana. Televisheni na redio za sebuleni zama zile zilikaa kwenye makabati ya mbao, au ya kuigiza mbao. Michezo ya sarafu kwa upande wake ilikuwa na sifa mbaya: jijini New York mashine za pinball zilipigwa marufuku tangu miaka ya 1940 hadi 1976, zikihesabiwa kuwa kamari. Kifaa cha umeme kilichovaa nguo za samani kilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukaribishwa ndani. Mwaka 1977 Atari iliipeleka sura hiyohiyo majumbani, kwenye uso wa mashine yake ya VCS, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la 2600.

Sasa lipo jambo ambalo Bwana Mninga hataki kulisikia: mara nyingi mbao ile haikuwa mbao. Ilikuwa plastiki nyembamba iliyochapwa picha ya mbao, ikabandikwa juu ya chipbodi au plaiwudi. Bwana Mninga akiligundua hilo anahuzunika, anakwenda kwa seremala, anarudi na mbavu mbili mpya za mninga mtupu. Mninga ni mbao ya heshima. Utengenezee kitanda, meza, hata mlango wa mbele. Ukiivika mashine ya Pong umepata kabati zuri na umepoteza mashine. Kazi yetu ni kurudisha bandia ileile, kwa adabu zote inazostahili.

Hatua ya 1: Chomoa waya, kisha uogope kioo

Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa waya ukutani. Hata hivyo televisheni ya kichogo inaweza kutunza maelfu ya volti ndani ya kioo chake baada ya umeme kukatwa. Usiguse shingo ya kioo, wala waya mnene unaoingia chini ya kile kifuniko cha mpira ubavuni. Kama kazi yako ni ya nje tu, acha vya ndani vikae. Kama ni lazima kioo kitoke, mwite fundi wa televisheni wa enzi hizo akiondoe. Bwana Haraka atasema hakuna haja. Mjibu kwamba mbao inabadilishwa, fundi habadilishwi.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, piga picha kila upande. Skrubu za kila sehemu ziweke kwenye mfuko wake na uandike jina juu yake.

Hatua ya 2: Tambua ngozi yake

Sogeza macho karibu na ukingo. Ukiona nyuzi za juu zinaendelea mpaka kwenye unene wa ubao, hiyo ni mbao ya kweli, na mwongozo wake ni mwingine. Ukiona tabaka jembamba la mbao halisi limebandikwa juu ya ubao mwingine, hiyo ni vinia. Lakini ukiona tabaka laini lisilo na vinyweleo, na ukitazama upana wote ukakuta fundo lilelile la mti linajirudia kila baada ya umbali uleule, basi umepata stika ya mbao. Miti haijirudii hivyo. Mashine za kuchapa hujirudia.

Ukishajua ni stika, utaelewa kwa nini nilikuzuia msasa. Picha ya mbao imelala chini ya ngozi nyembamba sana ya plastiki. Mpapaso mmoja unaondoa mng'ao, wa pili unaondoa nyuzi, wa tatu unakuonyesha weupe wa chini. Vinia ya kweli unaweza kuisugua kwa uangalifu. Picha iliyosuguliwa haina pa kurudi.

Hatua ya 3: Osha kabla ya kuhukumu

Mashine za baa zilivuta sigara za watu kwa miaka mingi. Ule uchakavu wa kahawia iliyokoza unaoulaumu huenda ni masizi ya moshi na mafuta ya mikono. Chukua maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukamue kitambaa mpaka kisidondoshe. Anza pahali pasipoonekana, nyuma karibu na sakafu. Pangusa kwa kufuata nyuzi za mbao, kausha papo hapo, halafu tazama kitambaa kilivyobadilika rangi.

Usimwage maji. Chini ya stika kuna chipbodi, na chipbodi ikinywa maji huvimba. Tina usiiguse kabisa, kwa kuwa inaweza kulainisha plastiki na kuondoka na picha.

Wengi hufika hapa wakagundua kwamba mashine haikuwa mgonjwa, ilikuwa chafu. Kama wewe ni mmoja wao, funga mlango wa nyuma, kunywa chai, umemaliza. Huo ndio ufufuaji bora kuliko wote.

Hatua ya 4: Tibu miguu

Chini ndiko kwenye msiba. Kwa miaka mingi deki za baa zilipiga pembe za kabati, maji yakapanda, chipbodi ikavimba na kumeguka. Chipbodi iliyolowa haina tofauti na mkate uliodondokea kwenye chai: hata ukikauka, umbo lake haurudishi.

Iache ikauke kabisa, mahali penye hewa, mbali na jua kali. Ondoa vipande vilivyolegea mpaka ufikie pagumu. Nywesha sehemu iliyobaki gundi ya mbao iliyozimuliwa kidogo, ili chembe zishikane, kisha subiri ikauke. Pembe iliyopotea iundie ukuta kwa vipande viwili vya ubao ulionyooka, uvifunike kwa tepu ya plastiki ili visinase, uvibane kwa klampu. Hapo sasa jaza pati ya magari, iliyochanganywa na hadena kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Hadena ikizidi, pati itagandia mkononi kabla hujafika kwenye pembe. Ikishakauka, ondoa vile vipande.

Hapa Bwana Msasa anaruhusiwa kurudi, chini ya ulinzi. Apige pati kwa namba 80, kisha 120, amalizie na 220, na stika nzuri ya jirani aifunike kwanza kwa tepu ya karatasi, tabaka mbili.

Hatua ya 5: Majeraha madogo

Malengelenge yapasue kwa wembe, ukifuata mstari mweusi wa nyuzi ili mkato ujifiche humohumo. Ingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano, kandamiza kwa kitambaa, pangusa iliyotoka, weka karatasi ya plastiki juu yake na ubao mzito mpaka kesho.

Mikwaruzo itibu kwa kalamu za rangi za kugusia samani. Nunua rangi tatu: ya asali, ya kahawia na nyeusi. Anza na nyepesi daima, kwa sababu kukoleza ni rahisi na kupunguza ni vita. Paka, futa kwa kidole, kisha chora nyuzi nyeusi kwa ncha, nyembamba, zisizonyooka sana. Rudi nyuma hatua mbili utazame. Mchezaji hasimami na kioo cha kukuzia. Anasimama na sarafu.

Bwana Mng'aro atakuja sasa na kopo la vanishi. Mrudishe alikotoka. Stika za zamani nyingi zina mng'ao hafifu, na vanishi juu ya plastiki hukwama vibaya, hugeuka njano, halafu hubanduka vipande vipande.

Hatua ya 6: Ikibidi kubadilisha yote

Kama nusu ya ubavu imeshachanika, huna budi kuweka stika mpya. Kabla hujabandua ya zamani, tafuta rangi yake ya kweli. Fungua paneli ya vishikizo utazame stika iliyojificha nyuma yake, pahali ambapo jua na moshi havikufika. Mara nyingi utakuta rangi iliyoiva zaidi, na nyuzi zinazosomeka waziwazi. Hiyo ndiyo ya kupeleka dukani kulinganisha. Ya nje imeshapauka. Andika pia nyuzi zinaelekea wapi, juu na chini au mbele na nyuma. Ukizigeuza, hata asiyejua lolote atahisi kuna kitu hakiko sawa.

Nunua stika yenye upana wa kufunika ubavu wote kwa kipande kimoja. Stika nyingi za madukani zina upana wa sentimita 45, na ubavu wa mashine hauridhiki na huo. Kiungo katikati ya ubavu kitakusuta kila siku.

Ngoa kwanza mkanda wa plastiki wa ukingoni, ule uliochomekwa kwenye mfereji, taratibu na bila kuukata. Pasha stika ya zamani kwa drai ya nywele, kisha uivute ikiwa imekunjika karibu kabisa na ubao, pole pole. Gundi iliyobaki itoe kwa tapentaini kidogo. Jaza mashimo, lainisha, futa vumbi lote, paka praima. Chembe moja ya vumbi chini ya stika huonekana kilima.

Kata stika ikizidi sentimita tano kila upande. Bandua karatasi ya nyuma upande wa juu tu, kiasi cha kiganja. Nyoosha, shikiza, halafu shuka nayo: mwenzako anavuta karatasi chini, wewe unasukuma hewa kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Bwana Haraka huifanya peke yake, na ndiye mwenye ile mikunjo. Malizia kwa wembe mpya ukingoni, kisha rudisha mkanda kwa nyundo ya mpira.

Hatua ya 7: Jua pa kuacha

Utakuta alama ya sigara karibu na vishikizo, jina lililochongwa kwa ufunguo, tundu la skrubu ya kufuli aliyoongeza mwenye baa. Kama havidhuru, viache. Kibao cha namba ya kiwanda usikiguse, usikipake rangi, usikingoe kwa ajili ya usafi. Mashine ya majaribio ya Pong inatunzwa kwenye Computer History Museum huko Mountain View, California, na thamani yake iko katika yale iliyoyapitia.

Mwisho, chukua karatasi uandike tarehe, ulichobadilisha, aina ya gundi na jina la stika. Weka ndani ya bahasha pamoja na kipande cha stika ya zamani, uibandike upande wa ndani wa mlango wa nyuma. Atakayeifungua baada yako atajua kipi ni cha kiwandani na kipi ni chako, na hatalazimika kubahatisha. Fanya hivyo hata kama umebadilisha pembe moja tu. Makabati haya yalitengenezwa kwa miaka michache, viwanda vyake vilishafungwa, na kila moja linaloharibiwa na fundi mwenye upendo usio na subira linapunguza idadi isiyoongezeka tena.