Kisu Chenye Meno Mgongoni

Mgongo wa kisu ni mahali pa kuegemeza kidole. Waliouacha bapa walijua walifanyalo. Shemeji yangu wa hapa Msasani, Tukuyu, aliona wameacha nafasi bure.

Lawama ni za Rambo. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1982, na kisu chake, alichokitengeneza kwa mkono fundi Jimmy Lile wa Marekani, kilikuwa na meno ya msumeno mgongoni. Shemeji alikiona utotoni kwenye kibanda cha video, akakitunza moyoni mpaka alipookota springi chakavu ya gari.

Mhunzi tuliyemwendea ni mzee wa Kikinga. Kwa chuma, Wakinga hawafundishwi: zamani ndio waliokiyeyusha milimani kwao wakawauzia Wanyakyusa majembe na mikuki. Mzee alisikiliza, akaacha kuvukuta.

"Mwanangu, unataka kisu au msumeno?"

"Vyote, mzee."

"Haya. Utalipa viwili, utapata nusu."

Akafua. Meno akayachonga kwa tupa chuma kingali laini, maana springi ikishapashwa moto na kuzamishwa kwenye oili, tupa huteleza tu. Kisu kikatoka cha kutisha.

Kazi kiliianza jioni ile ile. Kilitafuna ala yake kwa ndani, kikahamia mfuko wa koti. Kwenye bodaboda kikang'ang'ania sweta la dereva. Tulishuka wote upande mmoja, kama mishikaki. Mgombani meno yalijaa nyuzi, mgongo ukarudi kuwa bapa. Kwenye tawi la mparachichi kikazama kidogo, kikagoma kwenda wala kurudi. Msumeno wa kweli meno yake hupindwa moja kulia, moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bamba. Haya yalisimama wima kwenye chuma kinene.

Kisha mama, yaani mkwe wake, akakichukua kumenyea ndizi, akakandamiza kidole gumba palepale pa siku zote. Shemeji alisikia ukelele, akatoka nje kwa adabu akidai anakwenda kuangalia mvua. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka; haihitaji kufuatwa.

Hata Wajerumani, waliotawala mji huu wakiuita Neu Langenburg, hawakufika mbali na meno hayo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia baadhi ya askari wao walikuwa na singe zenye meno mgongoni, za kukatia miti. Zikavuma habari kwamba adui akimkamata mwenye nayo hamhurumii, na nyingi zikasagwa meno. Dola nzima ilirudi nyuma. Shemeji ni nani?

Naye amerudi kwa mzee kuyasaga. Kusaga kumezidi bei ya kuchonga.

Msomaji, springi ya gari ni chuma kizuri. Ukiipata, mpelekee mhunzi, mwambie akufulie kisu, kisha unyamaze.