Taa za Nyuma: Mwongozo kwa Mwenye Mkonga

Hongera kwa kupata Land Cruiser mkonga. Mbele limewekewa bomba la kuvutia hewa ya juu, lipite mtoni bila injini kunywa maji. Nyuma halikuwekewa kitu. Huko taa zinakunywa mto mzima. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na ukishindwa usijilaumu: waliokutangulia nao walizifuata.

Kwanza, zitazame. Kila mtu barabarani anaziona taa zako za nyuma isipokuwa wewe. Nyani haoni kundule, na kushika usukani hakumbadilishi nyani. Kwa hiyo tafuta msaidizi. Mtoto wa jirani anatosha. Kanyaga breki, uliza: "Inawaka?" Atajibu: "Inawaka!" Uliza: "Zote?" Atajibu: "Hiyo!" Usiulize ipi. Subiri usiku, rudisha gari karibu na ukuta mweupe, kanyaga, usome mwanga kwenye kioo. Ukuta hauna haraka na haudai soda.

Pili, usikimbilie kununua globu. Najua utakimbilia, basi angalau ununue vizuri. Mara nyingi taa ndogo na breki hutumia globu moja yenye nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa safari ya usiku, mwingine wa wati 21 kwa breki. Vile vipini viwili vya ubavuni havikai usawa, tena kwa makusudi, ili globu iingie kwa upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze. Fundi hataigeuza, ataisukuma mpaka ikubali. Kuanzia hapo gari litaonekana limefunga breki kutoka Chalinze hadi Mikumi, na siku utakayofunga kweli, anayekufuata atakuwa keshazoea.

Tatu, jifunze kuituhumu ethi. Umeme ukienda kwenye taa lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari, kupitia skrubu moja iliyojaa kutu na vumbi la miaka. Njia ikiziba, umeme unatafuta kichochoro kupitia globu ya jirani. Ndipo unapokanyaga breki, taa ndogo ikazimika na indiketa ikawaka kwa aibu. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha moja kwenye chuma cha taa na nyingine kwenye chuma safi cha chasisi. Taa ikifufuka, mhalifu umempata. Fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Dawa hii karibu ni ya bure, na ndiyo sababu hakuna atakayeiamini.

Nne, hesabu maiti. Ikifa taa moja, chunguza globu yake na ethi yake. Zikifa taa za breki zote kwa pamoja ilhali taa ndogo zinawaka, globu hazikula njama: tazama fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedali ya breki. Indiketa ikianza kupepesa mbio mbio, globu mojawapo ya upande huo imekata roho. Gari linakueleza kila kitu, tena kwa lugha nyepesi. Wewe utaongeza sauti ya redio.

Tano, iheshimu fyuzi. Kazi yake ni kufa ili waya zipone. Ya ampia 10 ikikatika, weka ya 10. Ikikatika tena, kuna waya umechubuka na kugusa bodi. Anza kuutafuta kwenye bawaba za mlango wa nyuma na kwenye soketi ya tela. Hayo ni ya kitabuni. Kijiweni watakuwekea ya 20, nayo ikikatika, wataweka kipande cha waya wa shaba, ambacho hakitakatika milele. Sasa fyuzi ni gari lenyewe.

Sita, jua lugha ya barabara kuu. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, linakwambia: pita. Likiwasha ya kulia: tulia, kuna gari linakuja. Au dereva anakata kulia. Au amekanyaga breki na ethi yake mbovu. Sharti hili hufundishwi darasani, lakini madereva wanalitii kwa roho zao. Na kumbuka kwamba gari lako nalo linaongea huko nyuma. Kwa skrubu moja yenye kutu linaweza kumkaribisha mtu apite kwenye kona, wewe huna habari.

Saba, jifunze kukata majani. Usiku utakaokwama Mlima Kitonga, ile pembetatu nyekundu itakuwa chini ya mizigo yote, na juu ya mizigo atakuwa amelala shemeji. Kata matawi, yapange barabarani nyuma ya gari, ukianzia mbali. Majani hayana globu, hayana ethi, hayakati fyuzi, na kila dereva kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam anayasoma bila kusita. Ukiondoka, yaondoe. Hutayaondoa.

Ukiwa umesimama hapo na tawi mkononi, atatokea msamaria. Atapunguza mwendo, ashushe kioo, aseme kwa huruma: "Mkuu, taa zako za nyuma haziwaki!" Mshukuru kwa adabu. Kisha mwangalie akipanda mlima, gari lake likimezwa na giza bila hata nukta moja nyekundu. Mwite. Mpigie kelele. Hatasikia, ameongeza sauti ya redio.