Uchague Fremuweki Vizuri, Ujute Taratibu

Ndugu yangu wa Rooty Hill, jumuiya imekuomba kijiprogramu cha michango ya harusi na misiba: jina, kiasi, tarehe, kitufe cha kuhifadhi. Mama mweka hazina ana kompyuta kuukuu ya Windows. Ni kazi ya jioni moja, kwa hiyo usiianze. Tafuta kwanza fremuweki.

Hatua ya kwanza, ikatae Tkinter. Inakuja pamoja na Python, ni ya bure, na Tk iliyo chini yake aliibuni John Ousterhout pale Berkeley kabla hata ya Windows 95. Ingeimaliza kazi yote. Sema tu vitufe vyake vimepitwa na wakati, wataalamu watatikisa vichwa. Onyo: usiulize kama mama anajali sura ya vitufe.

Hatua ya pili, sifia Qt iliyozaliwa Norway, kisha kwama kati ya njia zake mbili za Python, PyQt na PySide. Zinafanana karibu kila kitu isipokuwa leseni: ya kwanza ni GPL au ulipie, ya pili inakuja pia kwa LGPL. Soma zote hadi usiku wa manane kana kwamba utaiuzia serikali. Onyo: malipo yako ni sambusa.

Hatua ya tatu, uliza Microsoft wanapendekeza nini siku hizi. WinForms ilitoka 2002, WPF 2006, UWP 2015, MAUI 2022. Kila mpya huingia kwa matarumbeta, na WinForms ingali inafanya kazi. Chagua mpya. Onyo: ukiizoea, si mpya tena.

Hatua ya nne, kimbilia Electron, iliyozaliwa GitHub mwaka 2013. Inabeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium, hivyo visanduku vyako vitatu vitapita megabaiti 100. Feni ya kompyuta ya mama itavuma kuliko treni ya T1 inayokwenda Mount Druitt. Onyo: usimwambie kwamba amefunguliwa kivinjari cha pili.

Hatua ya tano, peleka kazi Jumapili. Amkia, sakinisha. Windows itatoa dirisha la buluu kwamba mtengenezaji hajulikani. Mama atakutazama: "Mwanangu, hiki si kirusi?" Mtoe wasiwasi. Ataandika jina moja, kisha aulize, "Inachapa risiti?" Wiki zote hizo ulipima kona za vitufe, risiti hukuiwaza. Ndiyo kanuni isiyoandikwa: mtumiaji huulizwa mwisho. Onyo: usimnunie akirudi kwenye daftari, maana daftari halijawahi kuomba sasisho.

Hatua ya sita, kubali pongezi. Mwenyekiti atasimama, atakushukuru mbele ya watu, na atatangaza kwamba mwezi ujao utaleta ya simu. Piga makofi na wewe. Onyo la mwisho: nusu yao wana iPhone.