Jinsi ya Kufuatilia Vumbi la Mirihi Ukiwa Kwenye Foleni ya Tunduma

Mgeni akishuka mpakani Tunduma mwezi Septemba huuliza mambo mawili: choo kiko wapi, na hili vumbi huisha lini. Swali la kwanza lina jibu.

Lakini wewe uliyekaa hapa japo kiangazi kimoja usijidharau. Sifa za kufuatilia anga la sayari ya Mirihi unazo zote: unalijua vumbi, unaijua foleni, na neno "subiri kidogo" halikutii presha tena. Wenzako huko ng'ambo husomea hayo chuo kikuu. Kilichobaki ni simu, bando na mwongozo huu. Shirika la anga la Marekani, NASA, huziweka mtandaoni picha za magari yake ya Mirihi mara zinapofika, bila kuzipamba, na wala halikudai wakala wa forodha.

Hatua ya 1: Futa kioo

Mwaka wangu wa kwanza wa fani hii nilitangaza kijiweni, mbele ya madereva sita, kwamba tufani kubwa imeifunika Mirihi nzima. Mama lishe akaichukua simu yangu, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akanirudishia. Tufani ikaisha. Mpaka leo nikienda kununua chapati huniuliza, "Hali ya hewa huko vipi, mwalimu?"

Hatua ya 2: Rekebisha saa

Siku ya Mirihi, ambayo wataalamu huiita soli, ina saa 24 na dakika 39 na ushee. Gari likiamka leo saa mbili yetu asubuhi, kesho litaamka saa mbili na dakika arobaini hivi, na baada ya siku 18 litakuwa linaamka saa mbili usiku, wewe ukiwa unakoroga ugali. Hili lisikutishe. Mtu wa Tunduma akivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hupewa saa moja ya bure, na akirudi jioni hunyang'anywa. Ukiweza kuishi na hilo, dakika 39 ni chenji.

Hatua ya 3: Pokea picha kama mnunuzi wa kahawa

Picha haiji moja kwa moja. Mara nyingi gari huikabidhi kwa chombo kinachoizunguka Mirihi, nacho huirusha kwa antena kubwa zilizoko California, Uhispania na Australia. Safari hiyo huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari mbili zimeachana umbali gani. Kwanza hufika vipicha vidogo vyenye ukungu; picha kamili hufuata baadaye, pengine baada ya siku kadhaa. Mnunuzi wa kahawa wa Mbozi haoni ajabu: sampuli ya kiganjani kwanza, gunia baadaye. Usiitukane sampuli.

Kila baada ya miaka miwili na kitu Jua hukaa katikati yetu na Mirihi, na amri za kwenda huko husimamishwa kwa wiki mbili hivi. Usikimbilie kueneza kwamba NASA imefilisika. Ni geti tu limefungwa.

Hatua ya 4: Usiamini rangi ya anga

Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilituma picha ya kwanza ya rangi kutoka ardhi ya Mirihi, nayo ikaonyeshwa ulimwengu ikiwa na anga la buluu kama la Vwawa baada ya mvua. Baadaye wataalamu waliipima upya na kukiri kwamba anga la kule lina rangi ya vumbi, karibu na chai ya maziwa iliyobanwa majani. Walikuwa wameiona Mirihi kwa macho ya nyumbani.

Kichekesho kiko jioni. Huku kwetu vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hulifanya jua la magharibi kuwa jekundu kama kaa. Kule ni kinyume: anga la mchana ni la kahawia, na jua likizama huzungukwa na mwanga wa buluu. Chembe za vumbi la Mirihi ni laini kiasi kwamba mwanga wa buluu hupenya na kubaki karibu na jua, rangi nyingine zikitawanyika mbali. Gari la Curiosity, lililotua Agosti 2012, lilipiga picha ya machweo hayo Aprili 2015. Ukimwonyesha mtu atasema umechezea rangi. Mwache.

Hatua ya 5: Pima vumbi kwa jua

Wataalamu huelekeza kamera kwenye jua na kupima vumbi limekula mwanga kiasi gani. Kipimo hicho huitwa tau. Juni 2018, mahali lilipokuwa gari la Opportunity, kilipanda hadi 10.8. Mchana ukawa usiku. Opportunity liliishi kwa umeme wa jua. Likatuma ujumbe wake wa mwisho tarehe 10 Juni na kunyamaza. Lilitengenezwa likae siku 90, likakaa zaidi ya miaka 14 na kutembea kilomita 45. NASA waliliaga rasmi tarehe 13 Februari 2019. Curiosity na mwenzake Perseverance hawana shida hiyo: umeme wao hutokana na joto la plutoni, kama mtu anayesafiri na jiko lake.

Kipimo cha Tunduma ni rahisi zaidi. Ukilisoma bango la upande wa pili wa barabara, vumbi ni la kawaida. Usipoliona lori lililo mbele yako, andika 10.8.

Hatua ya 6: Jiandae kwa maswali ya utingo

Profesa atakuuliza kuhusu asili ya uhai. Utingo atauliza mambo ya maana, kama alivyoniuliza mmoja hapa foleni.

"Mwendo gani?"

Sentimita 4 kwa sekunde, gari likiwa limekanyaga mafuta yote. Akacheka, kisha akaangalia foleni yetu, akanyamaza.

"Tairi?"

Sita, za aluminiamu, hazina upepo.

"Basi hazipati pancha."

Nikamwonyesha magurudumu ya Curiosity, ambayo matobo yake yalianza kutia hofu mwaka 2013. Aliitazama picha ile kuliko machweo yote ya buluu. "Hapa kapita kwenye mawe yaliyochongoka," akasema. Wahandisi walisema hivyo hivyo.

"Likikwama nani analivuta?"

Hakuna. Gari la Spirit lilizama kwenye mchanga laini mwaka 2009, na mwaka uliofuata likanyamaza. Kabla ya hapo gurudumu lake moja la mbele lilikuwa limekufa, likawa linatembea kinyumenyume huku likiliburuta. Mfereji uliochimbwa na gurudumu lile bovu ulifukua udongo mweupe wa silika, dalili kwamba zamani palikuwa na maji moto au mvuke. Utingo akatikisa kichwa: "Ubovu nao una kazi yake."

Hatua ya 7: Malizia Ndolezi

Bando likiisha, panda gari uende Mbozi, kijiji cha Ndolezi, ukakione kimondo. Kina urefu wa mita 3 hivi, ni chuma kikubwa chenye nikeli, na makadirio ya uzito wake huanzia tani 12 na kupanda. Mpima ardhi W. H. Nott alikiandika mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa nacho zamani. Kiliingia nchini bila kupita forodhani na hakijawahi kutozwa ushuru.

Nilimpeleka yule utingo. Alipokuwa anakizunguka nikamweleza kwamba Januari 2005 Opportunity lilikuta kimondo cha chuma na nikeli, kikubwa kama mpira wa kikapu, cha kwanza kutambuliwa kwenye sayari nyingine, na wanasayansi wakafurahi sana.

Akakigonga cha Ndolezi kwa kidole, akasikiliza.

"Wamekwenda mpaka Mirihi kutafuta hiki?"

"Ndiyo."

"Wangetuuliza kwanza."