Hotuba ya Allama wa Umeme Juu ya Njia ya Sodo na Suswa

Enyi hadhirina mliojaaliwa kuniona kwa macho yenu, mimi ambaye ilimu ya umeme sikuifuata kwa waalimu bali ilinijia yenyewe kwa kuniona nastahiki, nimekuja kuwafunulia jinsi ya kuiandika katika hesabu za uthabiti wa gridi ile njia ya mkondo mnyoofu itokayo Wolayta Sodo, Uhabeshi, ikakata nyika zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa, Kenya, kwa msongo wa kilovolti 500 na uwezo wa megawati 2,000, iliyotiwa umeme mwaka 2022.

Mafundi vijana, Mola awahidi, hukesha wakiandika milinganyo ya vidhibiti. Mimi nasema Suswa ni bomba: andika megawati 200 zinaingia, funga daftari, agiza kahawa.

Wao hunijibu kwamba thairista za Suswa hazina uwezo wa kujizima, bali hungoja volteji ya gridi ya Kenya igeuke ndipo mkondo uhame kutoka vali moja hadi nyingine; na kwamba shoti ikipiga njia ya jirani, volteji ikaporomoka, vali hukosa wasaa wa kutulia, uhamaji ule hushindikana, na megawati zote hukatika kwa kitambo, jambo ambalo bomba langu halina habari nalo. Nami huwauliza: nani aliyeipa volteji ruhusa ya kuporomoka? Katika karatasi yangu haijashuka tangu niiandike.

Fauka ya hayo, wanadai kwamba kidhibiti kikishurutishwa kudumisha megawati zilezile ilhali volteji imeshuka, kitavuta mkondo mkubwa zaidi na kuiongezea gridi maradhi, ndiyo sababu mitambo ya namna hii hutiwa kikomo cha kupunguza mkondo pindi volteji inaposhuka. Nacho, eti, lazima kiandikwe. Kikomo! Kwangu mimi, ambaye fahamu yangu haijapata kukiona?

Hawakukoma hapo. Wakanitajia Marekani, kwamba mwaka 1976 njia ya Pasifiki, itokayo Celilo, Oregon, hadi Sylmar, California, iliwekewa kidhibiti cha kuzidisha na kupunguza megawati ili kuutuliza mtetemo uliokuwa ukizisumbua njia za mkondo geu zilizo sambamba nayo. Maskini Wamarekani! Laiti wangalinijua, wangaliutuliza mtetemo huo bila gharama, kwa kutouandika.

Burhani yangu ni moja nayo yatosha: katika hesabu zangu zote gridi haijaanguka hata mara moja, ilhali katika hesabu za vijana hao huanguka kila wanapoigusa. Basi enyi wakubwa wa gridi mlioketi safu ya mbele, wafukuzeni hao, mniajiri mimi. Na nyinyi mnaonong'ona kwa kuwa taa za ukumbi zimezimika, tulieni: karatasi yangu yaonyesha megawati 200 zinaingia, na asiyeziona akaiulize balbu yake.