Muulize Somo: Serikali Haina Kistari

*Somo, mpwa wangu kapata kazi Qatar kupitia tovuti. Ina kufuli pale juu, ina nembo ya taifa, na anwani ina "go" na "ke". Wanataka 4,500 za vipimo vya afya, zitumwe kwa simu leo kabla ya saa kumi. Nimpe? — Mjomba, Mtopanga*

Mjomba, pole, na pesa zako zishike papo hapo. Kufuli lile lasema tu kwamba unachoandika hakisomwi na mtu njiani. Aliye upande wa pili ni nani, halisemi. Mwizi naye hulipata, tena bure. Nembo ndiyo kabisa: kijana yeyote wa saiba hapo Mtopanga akunakilia kabla chai yako haijapoa. Sasa anwani. Picha uliyonitumia nimeitazama kwa miwani. "Go" na "ke" zimeungwa kwa kistari, halafu nyuma yake kakaa "com". Jina la tovuti, mjomba, hukaguliwa kuanzia mwisho, kabla tu ya mkwaju. La serikali ya Kenya huishia .go.ke, na mwisho huo hauuzwi kwa kila mpita njia. "Com" hununua yeyote. Isitoshe, malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, paybill 222222, si simu ya mtu ajiitaye "Afisa".

Wakala wa kupeleka watu Ghuba sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe. Jina likiwamo, bado usilale, maana matapeli huazima majina ya mawakala halali. Mpwa na aende ofisini kwao kwa miguu yake. Na hiyo saa kumi! Lini umeona ofisi ya umma ikimharakisha mtu?

*Somo, mume wangu kasoma kuwa unga wa mwarobaini humaliza kisukari. Kaacha vidonge. — Mke, Kiembeni*

Dada, teremka mpaka chini ya huo ukurasa. Mimi nimeteremka: kuna kitufe cha kununua unga. Anayesema vidonge havifai ndiye mwenye duka. Kuna na shuhuda za "waliopona", zisizo na jina kamili, hospitali, wala kipimo cha sukari cha kabla na baada. Shuhuda hazijawahi kuadimika. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni kule Samunge, Loliondo, wengine wametoka huku Kenya, kwa kikombe cha dawa ya mchungaji Ambilikile Masapila cha shilingi 500 za Tanzania, na kisukari kilikuwamo katika magonjwa yaliyotajwa. Hata tovuti haikuhitajika.

Huyo "Daktari" wa ukurasani mtafute kwenye daftari la baraza la madaktari, KMPDC. Yeyote aweza kulitazama. Lakini kwanza mumeo arudi kliniki leo hii. Mwarobaini hautahama.

*Somo, tovuti tano zasema dunia inakwisha Ijumaa. Tano! Nilipe kodi ya nyumba? — Mpangaji, Mlaleo*

Nimezisoma. Zote zimeandika "mwiso" badala ya "mwisho", tena kwenye sentensi ileile. Mmoja kaandika, wanne wamenakili, nawe wawahesabu mashahidi watano.

Kodi lipa. Mwenye nyumba wako si msomaji wa tovuti.