Diwani za Kabatini

Vitabu vya mashairi ya watoto shuleni vipo, asikudanganye mtu. Vimegongwa muhuri, vimeandikwa kwenye daftari la mali, na vimefungiwa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Wathibiti ubora wakija, vinatolewa viking'aa, kurasa bado zimeshikana. Hakuna mwanafunzi aliyevichafua. Angevichafulia wapi?

Ikitokea bahati shairi likafika darasani, hupokelewa kama maiti inayosubiri kupasuliwa. Taja vina vya kati! Hesabu mizani! Mshororo una mizani 16, ubeti wa tarbia una mishororo 4, jumla 64. Mtoto wa darasa la nne anaipata jumla bila kukosea; muulize kama shairi lilihusu paka au mvua, anakodoa macho. Mshairi Amri Abedi alichapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 kwa ajili ya watunzi. Sidhani kama alikusudia zitumike kuwanyamazisha watoto wa miaka tisa.

Kengele ya mapumziko ikilia, watoto haohao wanaruka kamba kwa nyimbo zenye vina wasivyofundishwa na yeyote, na anayekosea mdundo anatolewa mchezoni papo hapo. Ndipo mwalimu wa zamu anapochungulia dirishani: "Acheni kelele! Ingieni, kipindi cha ushairi!"

Shikamoo, mwalimu mkuu. Tunaomba ufunguo. Kitabu kikichanika, gundi tutanunua wazazi.